Mgeni wa Darubini na Njia ya Maporomoko

Mwaka 1986, nikiwa na miaka ishirini na minne, tulimzika baba nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na shida zangu zikaanza wiki hiyo hiyo. Kwetu Uru mambo ya urithi hayana mjadala. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa shamba lake. Kitinda mimba hubaki na kihamba cha baba, yaani nyumba, migomba, kahawa, makaburi, na mama mzazi humo humo. Sisi wa katikati tunapewa mkono wa pole. Mimi ni wa katikati. Mjomba alinishika bega akasema, "Wewe una nguvu, nenda tambarare ukafyeke pori." Nikamjibu, "Na wewe una nguvu, mbona hukwenda?" Hakunisemesha tena mpaka akafa.

Shule niliishia darasa la nne. Naandika kama ninavyosema, asiyependa aache hapa.

Nilishuka mjini Moshi nikasukuma mkokoteni sokoni, mikungu ya ndizi asubuhi, magunia ya mahindi mchana. Baadaye nikawa naenda Holili, mpakani na Kenya, kufuata sabuni na mafuta ya kupikia kutoka upande wa pili, maana maduka yetu yalikuwa na rafu tupu na karani anayepiga miayo. Halafu serikali ikatoa ruksa ya biashara, maduka yakajaa, na sabuni yangu ikakosa mtu wa kuihitaji. Huko juu kahawa ilishuka bei hadi watu wakaona aibu kuipalilia. Wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Kila mtu akawa anamuuzia mwenzake kitu, na mimi nikajifunza kumtazama mtu mikono kabla ya kumtazama uso. Uso unafundishika. Mikono haifundishiki.

Nilipanda mlima mara mbili tatu kama mpagazi. Miguu ilikubali, kichwa kikakataa. Lakini nilipata kitu kimoja kule ambacho wenzangu hawakukiona. Wageni wanaosubiri kupanda, na wale walioteremka wanasubiri ndege ya kurudi kwao, hukaa kwenye baraza za gesti siku nzima wakilitazama wingu lililofunika mlima. Hawana pa kwenda. Nikanunua viatu vya mtumba vya ngozi, nikapiga pasi shati, nikawa nasimama nje ya gesti na kuwaambia, twende tukatembee.

Niliwatembeza. Mjini niliwapeleka sokoni na stesheni ya reli, mahali penye benchi zuri na hakuna treni. Chini tambarare niliwapeleka kwenye chemchemi za maji maangavu wakaogelea, na upande wa mashariki hadi Ziwa Chala, ziwa lililokaa ndani ya shimo kama uji kwenye bakuli, nusu yetu na nusu ya Kenya. Lakini walichokipenda kuliko vyote ni maporomoko yaliyoko kwenye korongo chini ya nyumbani kwetu. Maji yanaanguka kutoka juu kwenye mwamba mweusi, na ukisimama karibu huwezi kusikia hata unachofikiri. Waliokwenda walirudi gesti wakawaambia wengine, na wengine wakanitafuta. Nilikuwa na mke na watoto, tumepanga chumba Majengo, na mtu akikuuliza tulikuwa tunakula nini, jibu ni maporomoko yale.

Tatizo ni njia. Njia ya kushuka korongoni ni moja tu. Inapita katika kihamba cha mdogo wangu, kati ya jiko na banda la ng'ombe, inashuka kwenye kahawa, inavuka mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu zetu kuleta maji mashambani, kisha inateremka korongoni. Upande wa pili ni jabali tupu. Kwa hiyo ugali wangu ulikuwa umekaa uani kwa mdogo wangu, na mnaweza kukisia mimi na yeye tulivyopendana baada ya ule urithi.

Siku moja mwaka 1996 nilifika na wageni watatu nikakuta njia imezibwa kwa miiba kuanzia banda la ng'ombe hadi ukingo wa kahawa. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa amesimama pale na jembe.

"Shemeji, hii nini?"

"Miiba."

"Naiona. Ya nini?"

"Wageni wako wamenipiga picha nimeinama nakamua ng'ombe. Mimi ni mlima?"

Nikataka kucheka, lakini mdogo wangu akatokea jikoni akijifuta mdomo, na sura yake haikuwa ya picha za ng'ombe.

"Nimesikia unauza bonde letu," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye gari."

Nikaelewa. Kulikuwa na bwana mmoja wa mjini mwenye kampuni ya kutembeza watalii na gari jeupe. Nilikuwa nimekwisha kuona alama za matairi yake kwenye tope la barabara ya kijijini, pana kuliko za gari lolote la kwetu. Huyu ndiye aliyekuwa anapeleka maneno. Mimi nikamshuku mdogo wangu kwamba wamekwisha kukubaliana, amuuzie ukingo wa korongo mimi nibaki kusukuma mkokoteni. Yeye alinishuku mimi kwamba kila mzungu ninayemleta ni mnunuzi anayekuja kukagua. Tukasemana mbele ya wageni, wao wakitabasamu wakidhani ni salamu za kienyeji.

"Baba alikuachia kihamba," nikamwambia, "hakukuachia akili."

"Na wewe hakukuachia hata kimoja."

Shemeji akageuka pembeni. Alikuwa anacheka, niliona mabega.

"Usikanyage hapa tena," mdogo wangu akasema, "mpaka uje na sale."

Kwa asiyejua, sale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu aliyekosa akichuma jani lake, akalipiga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea, hakataliwi. Hata kama ameua ng'ombe wako. Anayekataa sale anajiitia balaa, na wapo watu kwetu wanaokwenda misa kila asubuhi ambao hawathubutu kulifanyia mzaha jani hilo. Mimi nikamwambia nitaleta sale siku ng'ombe wake atakaposali rozari. Nikawageuza wageni, tukaondoka.

Baada ya hapo kazi ikaanza kufa. Wageni walitaka maporomoko, mimi ninawapa stesheni. Wakawa wanamfuata yule wa gari jeupe, ambaye alikuwa anawaambia mambo ya korongo yatakuwa tayari karibuni. Karibuni! Mke wangu akaanza kupika uji jioni badala ya ugali, na hakusema kitu, na hilo ndilo baya zaidi.

Hapo ndipo alipokuja mgeni wa darubini.

Alikuwa mzee, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa, na Kiswahili anakijua. Nikashtuka. Mzungu asiyejua Kiswahili ni mgeni, anayekijua ana lake jambo. Akasema alifanya kazi kwenye hospitali huko kusini wakati wa ujana wake. Kila mtu alimwita "ndugu", hata muuza karanga, kama watu walivyoitana enzi za mikutano ya kijiji.

"Ndugu, mke wangu amepanda mlima. Mimi magoti yangu yamechoka. Nitamsubiri."

Nikamtazama. Mwanamume gani anampeleka mkewe mlimani yeye anabaki chini?

"Unataka kuona nini?"

"Ndege."

"Ndege tu?"

"Ndege tu, ndugu."

Jamani. Mtu atoke Ulaya, avuke bahari, kufuata kitu ambacho kwetu kinafukuzwa kwenye mtama kwa manati. Sikuamini hata neno. Nikampeleka stesheni, akaelekeza darubini yake kwenye paa akakaa muda mrefu sana, anasema mbayuwayu. Nikawa natazama paa na mimi. Niliona paa. Nikajiuliza, labda wanataka kuibinafsisha stesheni, maana siku zile kila kitu kilikuwa kinauzwa, huwezi kujua kesho wanauza nini.

Kesho yake tukaenda Chala. Akakaa kwenye ukingo wa shimo akielekeza darubini upande wa Kenya. Mgambo mmoja akaja na kirungu chake.

"Huyu anaangalia nini kule?"

"Ndege," nikasema.

"Ndege zipi? Za jeshi?"

"Wa manyoya."

Mgambo akanitazama kama mtu anayetazama noti yenye rangi inayotoka. "Na wewe unaamini?"

"Mimi nimekodiwa kutembea. Sikukodiwa kuamini."

Mzee akampa mgambo darubini atazame. Mgambo akatazama, akairudisha, akasema ameona Mkenya anafua. Tukaachwa.

Jioni mzee akaniambia amesikia kwamba kwenye makorongo ya juu kuna ndege wa kijani ambaye akiruka mabawa yanakuwa mekundu kama damu. Anamtaka huyo. Akataja korongo letu. Nikauliza nani kamwambia. Akasema watu wa gesti. Nikasema basi, huyu katumwa na bwana wa gari jeupe. Darubini ni ya kupimia. Anapima kihamba cha baba kutoka mbali ili asionekane na kamba.

Ningeweza kumkatalia. Lakini nikafikiri, hapana, nitampeleka mwenyewe, nimsimamishe mbele ya mdogo wangu, niwatazame wakisalimiana. Kama wanajuana nitaona. Hakuna mtu anayeweza kusalimia kwa ugeni mtu aliyekwisha kula naye. Nikitoka hapo nitajua nimesimama wapi, na kama njia imekwisha kuuzwa, nirudi kwenye mkokoteni kabla mgongo haujazeeka.

Tulipanda kwa miguu kutoka mwisho wa lami. Asubuhi, ukungu unatoka kwenye migomba, watu wanakwenda kuuza maziwa. Mzee alisimama kila hatua kwa sababu ya magoti, na kila aliposimama alitazama juu. Karibu na kihamba chetu tukamkuta mama kwenye mfongo, ana mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo mama," mzee akasema, na yeye mwenyewe alikuwa na mvi nyingi kuliko mama.

"Marahaba baba. Huyu anajua adabu," mama akaniambia kwa Kichagga. "Umempata wapi?"

"Gesti. Mdogo wangu yupo?"

"Yupo. Bado ana hasira. Na wewe bado?"

"Mimi sina hasira. Nina njaa."

Nikawaacha hapo, nikatangulia nikaone kama miiba bado ipo. Ilikuwepo, tena imeongezwa. Mdogo wangu alikuwa uani ananoa panga. Akaniona. Shemeji akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko, anasubiri kama watu wanavyosubiri mpira uanze.

Halafu yule mzee akatokea kwenye migomba, taratibu, kofia mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameshika jani la sale. Nyuma yake mama na mzigo wake wa majani.

Mdogo wangu akaacha kunoa.

Mzee akaenda moja kwa moja hadi mbele yake, akasema, "Hodi ndugu, habari za asubuhi," na kwa vile alitaka kumpa mkono, akamnyooshea mkono wenye jani. Nikaliona hapo. Lilikuwa na fundo.

Niseme wazi, maana watu wa kwetu wamelieleza jambo hili kila mmoja kwa namna yake. Mimi sikumtuma. Sikuchuma sale, sikufunga fundo, sikumnong'oneza mtu. Lakini pia sikuwa mwendawazimu wa kupiga kelele pale kwamba si langu. Nilisimama. Nikamtazama mdogo wangu, kwa sababu ndiyo kazi iliyonipeleka. Wala hakumjua yule mzee. Alimtazama kama mtu anavyotazama mbuzi anayesema. Hawajawahi kuonana hata siku moja, ningeapa kanisani.

Panga likawekwa chini. Mdogo wangu akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukuja mwenyewe?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Si nimekuja? Mimi niliyesimama hapa ni nani?"

"Umemtuma mzungu alete sale. Mzee kama huyu, magoti mabovu."

"Ungemkataa?"

"Nani anaweza kumkataa?" Akamwambia mkewe, "Leta mbege."

Yule mzee akauliza kama amekosea kitu. Shemeji akamwambia, "Hapana baba, umepatia, kaa," akamwekea kigoda. Na hapo hapo, kabla hajakaa, kitu kikaruka kutoka kwenye mparachichi juu ya jiko, kijani, mara mabawa yakafunguka mekundu, kikapita juu ya migomba kuelekea korongoni. Mzee akatoa sauti kama mtoto. Darubini ilikuwa kifuani kwake na hakuikumbuka. Mikono yote miwili ilikuwa hewani, machozi yanamtoka, anacheka. "Ni yeye, ndugu! Ni yeye!"

Mimi na mdogo wangu tukatazamana.

"Kumbe ni ndege kweli," mdogo wangu akasema.

"Ndege kweli," nikasema.

"Huyo anakula maparachichi yetu kila siku. Mzee angesema mapema ningemkamatia."

Tulikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja, yeye kwanza, kisha mimi, kama inavyotakiwa. Aliponirudishia kata nikamuuliza habari ya gari jeupe, kwa sababu baada ya sale mtu hadanganyi. Akasema kweli. Yule bwana anataka ukingo wote wa korongo na njia yake, ajenge vibanda vya wageni. Alimwambia kwamba mimi nimekwisha kutafuta mnunuzi mwingine, basi bora auze yeye kwanza kabla hajazungukwa.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia aje Jumamosi."

"Aje ufanye nini?"

Shemeji akajibu kwa niaba yake, "Aje asaini. Lakini sale imewahi."

"Jumamosi na mimi nitakuwepo," nikasema.

Jumamosi gari likaja. Bwana akashuka, viatu vinang'aa, akaniona nimekaa kwenye kigoda cha baba, uso ukamshuka.

"Tulikubaliana tuzungumze wawili," akamwambia mdogo wangu.

"Siku ile tulikuwa wawili," mdogo wangu akasema. "Leo tumeongezeka."

Bwana akaanza kueleza maendeleo. Maji, umeme, wageni wengi, kazi kwa vijana. Alisema vizuri, lazima nikiri, na alipokuwa anasema alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo ili atuonyeshe kwa mkono ukubwa wa eneo, hadi akafika kwenye migomba. Mama alikuwa amekaa anamenya ndizi. Akasema bila kuinua kichwa:

"Sogea kidogo baba, umemkanyaga mume wangu."

Yule bwana akatazama chini. Akaona masale yamezunguka mahali aliposimama. Aliruka. Nakuambia aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na maendeleo yote yakaishia hapo. Akasema atarudi siku nyingine. Mimi nikamsindikiza hadi garini, nikasubiri hadi nisikie gari limevuka daraja, kwa sababu mtu anaweza kuzima injini kwenye kona akarudi kwa miguu.

Wiki iliyofuata mimi na mdogo wangu tuliondoa miiba. Tukaihamisha njia ipite pembeni, isikanyage kahawa wala isipite karibu na banda la ng'ombe, na tukaipandia masale pande zote mbili hadi ukingo wa korongo. Tukakubaliana mbele ya mama na kaka yetu mkubwa kwamba njia ni ya wote wawili, hakuna anayeuza peke yake. Shemeji akaanza kuwapikia wageni mtori na kuwakaangia kahawa yetu wenyewe ya shambani, wakiona tangu inatwangwa. Kupigwa picha sasa ilikuwa ruksa, ila si wakati wa kukamua.

Mzee wa darubini aliondoka na mkewe, mama mfupi aliyeungua pua na jua la kileleni. Kabla hajaondoka nilimuuliza jani alilipata wapi. Akasema njiani. Nikauliza fundo alifunga nani. Akasema fundo gani.

Nikamwendea mama.

"Mama, ni wewe uliyempa yule mzee sale?"

"Mimi? Na mzigo wote ule kichwani? Mikono ningeitoa wapi?"

Alikuwa ananitazama machoni, hakupepesa. Nikamtazama mikono. Alikuwa ameificha kwenye khanga.

Sijawahi kupata jibu. Amekwisha kufariki, naye amelazwa pale pale kwenye migomba. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hadi leo watu wa kwetu wanasema mimi niliomba msamaha. Sikuomba. Lakini njia ipo.

Leo, nikiwa na miaka zaidi ya sitini, vyangu ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma ya vyumba vinne, Njoro, bati jipya. Chumba cha duka mbele yake, nimekipangisha kwa fundi cherehani. Ekari mbili za mpunga tambarare, zenye maji. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Gari moja la kubebea wageni, la zamani, linawaka. Darubini tatu za kuwaazima wageni, moja ina ufa. Watoto wanne, wote wamesoma kunizidi. Nusu ya njia ya maporomoko. Sehemu ya kuzikwa kwenye kihamba cha baba, mdogo wangu amenionyesha ni wapi, na nimekwenda kuipandia masale mwenyewe pembe zote nne asije akasahau.

Vya mke wangu sivitaji hapa. Anavyo, najua anavyo, ila hajawahi kunionyesha.